Wembe wa Alhamisi

Kwetu Tandika, kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, Bibi hutandika mkeka uani chini ya kamba ya kuanikia nguo, halafu hutuita tukakatwe kucha. Anataka Ijumaa itukute tumekwisha kuwa wasafi. Kikata kucha hakitaki, anasema kinang'ata tu. Anatumia wembe mpya ulionunuliwa dukani siku hiyo hiyo, na anaushika kwa ncha za vidole huku amekunja uso. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini ukimwambia hivyo utakuwa umemkosea adabu. Kwa hiyo tunanyamaza na kumwomba Mungu.

Wa kwanza kukatwa huwa mimi. Mimi ni mgonjwa, na nyumbani kwetu mgonjwa hapangi foleni. Baada yangu hufuata mdogo wangu Faraji, aliye darasa la pili na asiyejua kutulia. Kisha binamu yangu Zubeda, ambaye tunasoma darasa moja. Mwisho kabisa Bibi hujikata mwenyewe. Bibi humwita Faraji mume wake, na mimi huniita mke mwenza, kama mabibi wanavyotaniana na wajukuu zao.

"Mke mwenzangu, lete mkono," huniambia. "Usije ukamkwaruza mume wetu na makucha hayo."

Ugonjwa wangu unaitwa thalasemia. Nimekwisha kuueleza kwa walimu, kwa majirani, na kwa watoto wanaoniuliza kwa nini macho yangu yana umanjano, mpaka nimechoka kuueleza. Lakini hapa sina budi. Nilizaliwa nao. Nimeurithi kwa baba na mama, ambao wao wenyewe hawaumwi. Mwili wangu hautengenezi damu ya kutosha, na hiyo kidogo inayotengenezwa huharibika mapema. Kwa sababu hiyo, kila baada ya wiki chache nakwenda hospitali kuongezewa damu iliyotolewa na watu wengine. Damu ikiwa bado mpya mwilini nacheza kama wenzangu. Ikikaribia kuisha, hata kufunga kamba za viatu ni kazi kubwa. Nimeishi hivyo tangu sijajua kutembea, na sidhani kama mkononi kwangu umebaki mshipa ambao wauguzi hawaufahamu.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa siku ya kliniki. Mama, ambaye kila asubuhi hupika vitumbua vya kuuza, siku hiyo hakuwasha moto. Tulifika hospitali mapema, tukakaa kwenye benchi pamoja na watu wengine waliochoka kama sisi. Hatimaye nesi Tupokigwe akatuita. Yeye ni mtu wa Mbeya, mrefu, anaongea taratibu, na ananijua tangu nikiwa mdogo.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Leo unanipa mkono gani, ule uliochoka au ule uliochoka zaidi?"

Nikampa wa kushoto. Kabla hajaanza kutafuta mshipa, daktari akaingia na kuvuta kiti karibu na mama. Kila mwaka hupima damu yangu kuangalia kama kuna maradhi mengine, na majibu ya mwaka huu yalikuwa yametoka.

"Mama Nusaiba," alisema, "kipimo kimeonyesha kwamba mtoto ana virusi vya homa ya ini. Ni aina inayoitwa C."

Mama alishika kifua. "Kaipata wapi, daktari?"

"Inawezekana kabisa ni kwenye damu aliyoongezewa. Damu yote hupimwa kabla ya kumpa mgonjwa. Lakini mtu akiambukizwa leo na akachangia damu siku chache baadaye, virusi vinaweza kuwa bado havijaonekana kwenye kipimo. Hutokea kwa nadra. Ila Nusaiba amepokea damu ya watu wengi sana, na bila damu hiyo tusingekuwa naye hapa. Hakuna wa kulaumiwa. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu una vidonge, na mara nyingi hupona kabisa. Tutamfanyia vipimo vingine, kisha tutamwanzishia dawa."

Mama hakusikia habari njema. Nilimwona. Aliposikia "homa ya ini" tu masikio yake yaliziba, kwa sababu Babu Marijani, kaka yake Bibi, alifariki kwa homa ya ini, na sote tunakumbuka tumbo lake lilivyojaa maji. Mama alitoa simu, akatoka nje kumpigia baba. Baba ni dereva wa malori, na siku hiyo alikuwa Tunduma.

Daktari naye aliondoka. Nesi akatundika mfuko wa damu, akafungua mpira, damu ikaanza kushuka.

"Nesi," nikamwuliza, "nitawaambukiza nyumbani?"

Aliinama karibu nami. "Nisikilize vizuri, mwanangu. Virusi hivi hukaa kwenye damu. Haviambukizwi kwa chakula, wala kikombe, wala kukumbatiana, wala kulala kitanda kimoja. Kula na wenzako kama kawaida. Ila usichangie na mtu kitu chochote kinachoweza kugusa damu: mswaki, sindano, wembe. Na kidonda chako ukifunike. Nitamweleza na mama akirudi."

Niliitikia kwa kichwa. Aliposema wembe, nilifikiria wanaume wanaonyolewa ndevu. Mama aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na nesi alikuwa ameitwa kwa mtoto mwingine aliyeanza kutetemeka akiwa anaongezewa damu. Mpaka tunaondoka hakuwa amepata nafasi ya kuongea na mama. Tulirudi nyumbani kila mtu na lake kichwani.

Usiku mama akamweleza Bibi majibu. Siku iliyofuata mchana, Bibi alipakua wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Kwetu hakuna sahani ya mtu mmoja mmoja. Tunakula sinia moja, kila mmoja na upande wake, na upande wangu ni ule wa karibu na Bibi ili aweze kunisogezea minofu. Nikanawa, nikakaa. Bibi akaniwekea mbele yangu sahani ya bati.

"Wewe utakula humu," akasema. "Ukakae pale mlangoni kwa jikoni."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu unaumwa."

"Mbona siku zote naumwa?"

"Huo ni ugonjwa mwingine. Huu wa sasa ndio uliomwondoa kaka yangu."

Mama alisema kwa sauti ya chini, "Mama, daktari hakusema tumtenge."

"Alisema nini?"

Mama akafikiri. Hakukumbuka.

"Nesi kasema hauambukizi kwenye chakula," nikasema mimi.

"Nesi huyo anakula na wewe au anakula na wanawe?" Bibi akauliza.

Nikachukua sahani yangu nikaenda mlangoni. Faraji alinifuata na tonge lake mkononi, akarudishwa. Jioni nikapewa kikombe changu na taulo langu. Zubeda, ambaye tunalala kitanda kimoja tangu alipokuja kuishi kwetu, akahamishiwa chumbani kwa Bibi.

"Mie sikutaka," aliniambia akikusanya nguo zake, huku hanitazami. "Bibi ndiye kaamua."

"Najua," nikamjibu.

Bibi hakuwa mkatili. Alinipikia uji wa ulezi, aliniombea dua, na kila mara aliuliza kama nimekunywa dawa zangu za kila siku. Ila hakunigusa. Faraji akinisogelea sana, aliitwa kwa ukali. Niliona uchungu mkubwa, na pia nilichoka, maana kuwa mgonjwa nimezoea, lakini kuogopwa ndani ya nyumba yetu sikuwa nimewahi. Chakula kilinishinda. Mama alirudi kutoka kwenye vitumbua vyake akiwa hoi, akaniangalia nilivyokaa peke yangu, akaenda kulala.

Basi ikafika Alhamisi. Nilikuwa nimekaa kwenye kona yangu nikidhani siku hiyo sitaitwa. Bibi akatandika mkeka, akafungua karatasi ya wembe, akainua kichwa.

"Mke mwenzangu, unangoja tarishi? Njoo."

Nikaenda. Nadhani kwa Bibi, Ijumaa kunikuta na makucha kulitisha kuliko ugonjwa. Akakamata mkono wangu, akauweka kwenye goti lake. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Hakuna aliyekuwa amenishika tangu siku ile ya kliniki, na nilifurahi. Nilitamani kucha zangu ziwe nyingi zaidi. Moyoni nikasema kwamba kumbe Bibi hajanitoa kabisa. Kula nimetengwa, kulala nimetengwa, lakini Alhamisi bado mimi ni wa kwanza.

Kwenye kidole gumba wembe ukateleza. Damu ikatoka, si nyingi.

"Pole," akasema Bibi. "Vidole vyenyewe vimekonda, nakata nini hapa." Akaufuta wembe kwenye pindo la kanga yake, akamalizia mkono wa pili, kisha akaita, "Mume wangu, zamu yako."

Faraji akaja, akanyoosha vidole. Ana tabia ya kutafuna kucha, na siku hiyo ngozi ya pembeni ilikuwa imechubuka na kuwa nyekundu. Niliviona vidole vile, nikauona na wembe, na sauti ya nesi Tupokigwe ikanijia waziwazi. Mswaki, sindano, wembe.

Nilijua kitakachotokea nikisema. Watanipa wembe wangu, na mkeka wangu, na kona yangu hata siku ya kucha, na hapo nitakuwa sina tena mahali popote nyumbani ambapo mtu ananishika mkono. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniita. Niliwaza hayo yote wakati Bibi anageuza kidole cha Faraji kwenye mwanga.

Nikaweka kiganja changu juu ya vidole vya mdogo wangu.

"Bibi, usimkate na wembe huo."

"Nini tena?"

"Una damu yangu."

"Nimeufuta, hukuona? Toa mkono."

Sikutoa. Bibi akausogeza mkono wangu kando, akainama tena. Hapo nikaukamata wembe kwenye vidole vyake, nikaupokonya, nikakimbia nao mpaka chooni, nikautumbukiza kwenye tundu. Niliporudi, Zubeda alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kwetu mtoto hampokonyi mkubwa kitu. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo.

"Nusaiba," akasema Bibi. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Unanipokonya kitu mkononi?"

Nikakaa chini kwenye saruji.

"Nisamehe, Bibi. Nesi alisema ugonjwa uko kwenye damu. Hauko kwenye wali, hauko kwenye kikombe, hauko kitandani. Uko kwenye damu, na wembe unabeba damu. Mnipe wembe wangu, nitakaa peke yangu hata Alhamisi. Lakini Faraji asikatwe na wembe uliopita kwangu."

Bibi alibaki ameinua vidole vyake vitupu. Nilingoja anifokee. Hakufoka.

"Na Alhamisi iliyopita?" akauliza polepole. "Na zile za nyuma?"

Sikuwa nimefika huko. Kwa kweli mpaka dakika ile sikuwa nimewaza nyuma hata kidogo.

"Unao tangu lini ugonjwa huu?"

"Daktari hajui, Bibi."

Akautazama mkono wa Faraji, akautazama wa Zubeda, akatazama na wake. Kisha akajiinua kwa kushika ukuta, akaingia chumbani. Chai ya jioni haikumtoa. Mama aliporudi, Zubeda akamweleza kila kitu. Mama akakaa kizingitini, mikono kichwani.

"Nesi alipokuwa anasema hayo yote, mie nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa nje, mama, unaongea na baba."

"Basi ilibidi nirudi kuuliza," akasema. "Nilichoka, nikaondoka bila kuuliza."

Jumatatu tulikwenda hospitali nyumba nzima. Bibi alivaa buibui lake jipya, na hakutia chochote mdomoni. Wakatolewa damu, Faraji akalia, Zubeda akajikaza, Bibi akanyoosha mkono kana kwamba si wake. Kisha tukangoja. Nimengoja mara nyingi katika hospitali ile, lakini siku zote nilikuwa nangoja kwa ajili yangu. Siku hiyo nilikuwa nangojea mdogo wangu, na ilinichosha zaidi ya sindano zote. Bibi alikaa mbali kidogo nasi, midomo ikicheza bila sauti. Mara moja tu alimgeukia mama.

"Ikiwa nimewaambukiza, baba yao nitamwambia nini?"

Mama akamshika goti.

Nesi Tupokigwe alipotoka na majibu, Bibi alisimama kabla hajaitwa.

"Kaa, bibi," akasema nesi. "Hatujaona virusi kwa yeyote kati yenu. Mtapimwa tena baada ya miezi michache, maana virusi vikiwa vichanga huwa havionekani. Lakini kwa leo wote mko salama."

"Wote?"

"Wote. Na wewe umo."

Bibi akakaa, akavuta ukingo wa buibui usoni, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata msibani kwa Babu Marijani. Alipomaliza, akajifuta na kuuliza, "Na kula naye sinia moja?"

"Hakuna tatizo kabisa. Mle naye, mlale naye, mkumbatieni. Wembe, mswaki na sindano ndivyo kila mtu awe na chake. Si kwa sababu ya Nusaiba tu, hata kama nyumba nzima haina mgonjwa."

"Kumbe nimefanya kinyume," akasema Bibi. "Pasipo na hatari nilimfukuza, penye hatari nikamtanguliza."

"Wengi hufanya hivyo, bibi," nesi akamjibu. "Hata mie nina kosa. Niliahidi kumweleza mama yake, nikashikwa na kazi."

Niseme kabisa yaliyofuata, ili mtu asibaki na wasiwasi. Walipopimwa tena baada ya miezi, majibu yalikuwa yale yale, salama. Mimi nilianzishwa vidonge, vikanikata hamu ya kula na kuniumiza kichwa, nikavimaliza vyote bila kuruka hata kimoja. Nilipopimwa baadaye, virusi havikuonekana tena. Thalasemia bado ninayo, na damu bado naongezewa, na watu nisiowajua bado wananichangia. Nawashukuru sana watu hao. Na siku ya Alhamisi kila mmoja wetu ana kikata kucha chake, ingawa Bibi bado anavinung'unikia.

Lakini nataka kumalizia na Jumatatu ile ile, maana siku hiyo tulirudi kutoka hospitali na njaa, na Zubeda na mama wakapika haraka haraka wali na maharage. Bibi akaweka sinia mkekani. Sahani ya bati hakuitoa. Tulipokaa, akatuzuia kabla hatujaanza.

"Nisikilizeni. Mimi ni mtu mzima, na nimekosea kwa sababu nilidhani najua. Jambo la afya usilojua, uliza kwa wanaojua, usijitungie mwenyewe, maana woga utakupeleka kusikostahili. Hilo ni letu wakubwa. La kwenu watoto ni hili. Ukijua kitu kitakachomdhuru mwenzako, kiseme hapo hapo, hata kama kukisema kutakutoa kwenye nafasi yako. Huyu alijua nitamsukuma mbali zaidi, na bado alisema."

Akanikazia macho. "Ila siku nyingine, bibiye, useme kwanza kabla hujapokonya."

"Nilisema, Bibi. Hukusikia."

Zubeda akainamisha kichwa kuficha kicheko. Mama akajifanya anakohoa. Bibi akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha naye akashindwa, akacheka.

"Haya, sogea hapa, mke mwenzangu," akasema, akanivuta kwa mkono mpaka ubavuni kwake.

Nikasogea. Kusema kweli sikuweza kula. Kungoja kule hospitali kulikuwa kumenimaliza, kichwa kilikuwa kizito, na maharage hayakunipa hamu yoyote. Nikatia tonge moja mdomoni, nikaegemea bega la Bibi. Faraji alikuwa anavamia upande wangu wa sinia na hakuna aliyemkataza. Mama akaniuliza kama nataka nikalale.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Nimechoka, lakini nitakaa."

Nikakaa nao pale mpaka wali ukaisha.